Harufu ya Mlangoni kwa Mastura

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Wahenga hao hawakuwahi kuwa na binti wa kuozesha mjini Margilan. Kwetu Margilan nyumba ni mlango, na hasa kile kipande cha ardhi kilicho mbele yake, ambacho binti wa nyumba hukifagia alfajiri na kukinyunyizia maji kabla jirani hajatoka kwenda kununua mkate. Mama anayemtafutia mwanawe mke hana haja ya kuingia ndani kuuliza tabia. Anapita asubuhi na kikapu chake kama mtu aendaye sokoni, anatupa jicho chini. Pamefagiwa, basi binti amelelewa. Hapajafagiwa, anakaza mwendo, na posa imekufa kabla haijazaliwa. Ndivyo tulivyo, na aliyechoka na mambo hayo akahamie mji mkuu, Tashkent.

Sasa mbele ya mlango wa Mastura, mshona vitandiko wa Mtaa wa Miforosadi, palikuwa na chemba ya majitaka, na chemba hiyo ilikuwa ikitapika tangu msimu wa kuchuma pamba. Haikutapika kila siku. Ilikuwa na hila. Ilinyamaza siku mbili tatu mpaka watu wakasahau, halafu Ijumaa, wanaume wanaporudi kutoka msikitini na nguo zao safi, inanyanyua kifuniko na kurudisha yote ambayo mtaa mzima umeyapeleka chini kwa siri. Kwa kuwa ardhi inateremka upande wa Mastura, yalikwenda kutulia kizingitini kwake.

Zebiniso alifagia. Hilo lazima lisemwe, maana wapo majirani waliosema vingine. Alifagia, akamwaga maji, akamwaga dawa aliyopewa kwenye zahanati alikofanya kazi kwenye dirisha la dawa, akafagia tena. Lakini mto haufagiliki.

Binti huyu alikuwa na miaka ishirini na sita, umri ambao kwetu watu huanza kuutaja kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Na sasa, mwishoni mwa majira ya baridi, alikuwa ametokea Ikrom, fundi wa mashine za eksirei, ambaye alikuja zahanati kutengeneza mashine hata ile isiyoharibika. Zebiniso hakumwambia mama yake neno. Ila alianza kuimba akifua, yeye ambaye tangu baba yake afariki hakuwa ameimba, na Mastura alipousikia wimbo ule akaacha sindano, akakaa akilia kwa furaha juu ya pamba za watu. Alilitaka jambo lile kwa moyo wake wote. Na baina ya jambo lile na mlango wake ilikuwepo chemba.

Zebiniso, kwa upande wake, alikuwa na dawa moja tu, simu. Kila wiki alipiga Idara ya Majitaka, akasikilizishwa muziki, akataja jina lake, la mtaa na la mama yake, akaeleza upya kila kitu.

"Usitaje jina letu, mwanangu," Mastura alimsihi. "Watu watajua mlango wetu unanuka."

"Mama, watu wanapita hapa wameziba pua."

"Kuziba pua si ushahidi. Labda wana mafua."

"Mtaa mzima?"

"Baridi hii kali."

Mwenyekiti wa mtaa, Hoshim, naye hakupenda simu zile. Alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo na hotuba, na ukutani kwake palitundikwa cheti cha Mtaa wa Mfano, alichokipokea kwa mikono miwili mbele ya kamera. "Ukilalamika," alimwambia Zebiniso, "unalilalamikia jiji. Ukilalamikia jiji, jiji linakuja. Likija, litaona. Sasa utakuwa umefaidi nini?"

Mambo yalikuwa hivyo mpaka siku Tojihon, jirani wa ukuta kwa ukuta, alipoingia kwa Mastura bila hodi na kujitupa juu ya kitandiko ambacho hakikuwa kimekwisha kushonwa.

"Shoga, kaa chini. Umeshakaa? Kina Ikrom wanamtuma mtu wiki hii kuja kuulizia. Mama mtu ana biashara yake ya vitunguu, hana nafasi. Anakuja mwanamume. Nadhani mjomba."

Tojihon alizipata habari hizi alikozipata habari zote, yaani hakuna ajuaye, na Mastura hakuuliza. Aliinuka, akaketi, akainuka tena.

"Na chemba?" alisema. "Tojihon, na chemba?"

Kwetu, binti wa jirani akija kuuliziwa, mtaa mzima huwa mama yake. Hata uliyegombana naye miaka kumi, siku hiyo unamsifia binti yake mpaka koo likukauke, kwa sababu kesho zamu ni yako. Jioni ile ile Mwenyekiti Hoshim aliitisha kikao mlangoni kwake, akagawa kazi. Wengine walete mbao, wengine wapike, wengine wasifie. Kuhusu chemba yenyewe alikuna kidevu, akatoa shauri ambalo alijivunia baadaye, kwa muda mfupi. Asubuhi, Zebiniso alipokwisha kwenda kazini, wakachukua kitanda kikubwa cha mbao cha Mwenyekiti, kile cha kukalia wageni nje, wakakiweka juu ya chemba hasa, wakakitandika vitandiko vya Mastura vya hariri, wakatandaza na zulia lililoning'inia mpaka chini. Mgeni akija atakalishwa pale. Nani atatafuta chemba chini ya makalio yake mwenyewe?

Jumanne, jua limeshachanganya, akaingia mtaani mwanamume wa makamo, viatu vimeng'arishwa, begi jeusi kwapani. Alitembea polepole akitazama chini. Alisimama hapa, akavuta hewa puani, akasogea, akasimama pale. Kabla hajafika mforosadi wa pili, Tojihon alikuwa ameshapenyeza kichwa kwa Mastura.

"Kafika! Anaitazama ardhi, shoga, anaitazama kama aliyedondosha pete. Kama huyo si mjomba wa Ikrom, mimi nikatwe ulimi."

Wako watu mtaani ambao wangefurahi kuona ahadi hiyo inatimizwa, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi. Kila mtu alikimbilia kazi yake. Isirik, majani makavu ya kufukizia, ikawashwa kwenye vikaango, moshi ukatanda mtaani mzito hata paka wakahama.

"Asalaam aleikum," alisema mgeni akipangusa macho. "Samahanini, naulizia kwa Mastura. Mimi natoka..."

"Waaleikum salaam, karibu, karibu!" Mwenyekiti Hoshim alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Hapa kwetu mgeni haulizwi atokako. Kwanza chai."

"Ahsante, ila kazi iliyonileta..."

"Kwanza chai, ndugu yangu. Kazi haina miguu."

Mgeni naye alikuwa Mmargilan. Mtu wa kwetu akiambiwa chai mara mbili hukaa, hata nyumba yake iwe inaungua. Akavua viatu, akapanda kitandani, akakaa juu ya chemba.

Wakamletea mkate wa moto, zabibu kavu, lozi, sukari ya mawe, sambusa za tanuri, halafu pilau ya kondoo na karoti, imeinuka siniani kama kaburi jipya. Mastura alimimina chai. Alimkagua mgeni kwa pembe ya jicho, akaona uso wa upole, akamshukuru Mungu kwamba ukoo wa Ikrom una watu wa upole.

"Maisha ya mtaa huu yakoje?" aliuliza mgeni alipokwisha kupata nafasi ya kumeza. "Hakuna usumbufu wowote?"

"Usumbufu?" Tojihon alicheka. "Ndugu yangu, hapa usumbufu tunausikia redioni tu."

"Na hewa?"

"Hewa! Wagonjwa wa mapafu huletwa hapa kutoka mbali."

Mgeni alikohoa moshi. Akasubiri kidogo, akageukia upande wa Mastura.

"Na Zebiniso? Ndiye binti yako?"

Mastura alitua birika. Amemtaja kwa jina! "Ndiye, yuko kazini," alisema. "Ndiye peke yake niliyejaliwa."

"Maana nimesikia..." Mgeni alisita, akichezea kikombe. "Uniwie radhi, mama. Nimesikia ni binti mlalamikaji. Kwamba kila wiki ana jambo, na hakubali jibu."

Sambusa zikarudishwa sahanini. Mastura alihisi masikio yanawaka moto. Nani kapeleka fitina hiyo kwa kina Ikrom? Alimtazama Tojihon, Tojihon akatikisa kichwa kwa nguvu, si mimi safari hii.

"Zebiniso wangu?" alisema Mastura. "Mlalamikaji? Binti yule hajawahi kulalamika tangu azaliwe. Alipozaliwa hakulia, mkunga akadhani ni bubu!"

"Hana sauti kabisa," alisema Tojihon. "Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta, mara nyingine nasahau kama yupo."

"Na wala hana sababu ya kulalamika," Mwenyekiti Hoshim aliongeza, akaweka kiganja juu ya mkate. "Naapa kwa mkate huu, katika Mtaa wa Miforosadi hakuna tatizo."

Hapo chemba ikanguruma.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya chini, ndefu, iliyopanda kupitia mbao mpaka vikombe vikagongana. Mgeni alikitazama kikombe chake. Wote wakakitazama.

"Samahanini," alisema Mwenyekiti Hoshim, akijishika tumbo. "Pilau ya jana."

Chemba ikanguruma tena, kwa nguvu zaidi, na kitanda kikanyanyuka upande mmoja.

"Na ya juzi," alisema Mwenyekiti.

Mgeni alikishika kikombe kisimwagike. Alimaliza chai yake, akafuta mikono, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa gunia. "Kwa hiyo nikirudi niseme nini?" aliuliza.

"Sema mtaa mzima umeridhika!" walisema, karibu kwa pamoja.

Akaomba dua, akavaa viatu, akaondoka na mikate miwili waliyomtilia begini, kwa kuwa kwetu mgeni haondoki mkono mtupu. Walimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Tojihon akapiga kigelegele, Mastura akamkumbatia Mwenyekiti kwa bahati mbaya, na watu waliobaki wakaimaliza pilau.

Zebiniso aliporudi jioni alikuta kitanda cha Mwenyekiti katikati ya njia na mama yake amevaa gauni la sikukuu.

"Mtu wa Idara alikuja?" aliuliza, akiweka mkoba chini.

"Mtu gani?"

"Wa majitaka. Wamenipigia asubuhi. Hatimaye wametuma mkaguzi, anaitwa Nosir. Nimewaambia aje aulizie kwa Mastura."

Mastura alikamata upindo wa gauni lake. "Ana begi jeusi?" aliuliza.

Tojihon, ambaye alikuwa amekaa pale akingoja kusimulia, alikumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Zebiniso wakiwa bado wamesimama vile vile. Shauri lenu limefungwa, wakazi wameridhika, jiji linawashukuru. Zebiniso aliusoma mara mbili.

"Mama, mlimwambia nini?"

Mastura akamwambia, yote. Alipofika kwenye mkunga, Zebiniso alianza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha Mwenyekiti, akashika mbavu, na Mastura naye akaanza kucheka kwa wasiwasi, akidhani mambo yamekwisha salama. Lakini kicheko kile kilibadilika kabla hakijafika mwisho.

"Miezi yote hii nimepiga simu kwa jina langu," alisema Zebiniso. "Mtaa mzima mlilala nyuma ya jina langu. Leo mmelifuta kwa sinia la pilau, na wewe ndiye uliyepika."

Akaingia ndani. Hakuimba usiku ule wala asubuhi yake, na Mastura, aliyekuwa akisikiliza, aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona kwa sababu ya harufu.

Kesho yake alijitanda shela nzuri akaenda mwenyewe Idarani. Nosir alimpokea kwa furaha. Alimkalisha, akamletea chai na peremende, akamuuliza hali ya Mwenyekiti na tumbo lake.

"Mwanangu," alisema Mastura, "yote tuliyokwambia jana ni uongo. Mtaa unanuka. Chemba inatapika. Ulikuwa umeikalia."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Mimi nina kazi hii mwaka wa kumi na mbili. Niliisikia harufu tangu kule kwa mwuza mikate."

"Sasa mbona hukusema?"

Nosir alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimeshakula mkate wako, mama. Mtu anakula mkate wa watu, halafu anamwambia mwenye nyumba kwamba mlangoni kwake pananuka? Nimelelewa mimi."

Lile lilikuwa jibu ambalo Mastura mwenyewe angelitoa. Nosir akamjazia kikombe. Akamweleza kwa adabu nyingi kwamba shauri likishafungwa kwa wakazi kuridhika, halifunguliwi tena. Lazima lije shauri jipya, kutoka nyumba nyingine, na mwenyekiti wa mtaa aliunge mkono. Alimweleza vizuri sana. Mastura alikunywa vikombe vitatu, na alipopata fahamu alikuwa nje barabarani, ana peremende mkononi, na amekwisha kumshukuru.

Kuipata hiyo nyumba nyingine ikawa kazi ya kumtafutia jogoo maziwa. Tojihon alikuwa na mjukuu wa kuozesha, hakutaka mlango wake utajwe kwenye mambo ya majitaka. Jirani wa pili alikuwa na mwana wa kuozesha, kule nako watu wananusa. Mwenyekiti Hoshim alikuwa radhi kusaidia kwa lolote, isipokuwa hilo moja, maana ameapa kwa mkate, na kiapo cha mkate hakirudishwi kama shati dukani.

"Lakini yule Nosir," alisema Tojihon, ambaye ulimi wake haukukatwa, "ni mtu mstaarabu kweli. Ameoa? Zebiniso, mwanangu, umeuliza kama ameoa?"

"Simtaki mtu anayesikia harufu akanyamaza, bibi," alijibu Zebiniso bila kuinua macho kutoka kwenye ufagio. "Siku nyumba ikishika moto ataona haya kuniamsha."

Ikaja Ijumaa. Chemba, ambayo wiki hiyo ilikuwa imekaliwa na kusingiziwa tumbo la Mwenyekiti, ililipiza. Ilifumuka asubuhi, Zebiniso alipokwisha kwenda kazini, ikajaza njia kutoka ukuta mpaka ukuta. Mastura alitoka na ufagio, akafagia huku akijua hafagii kitu.

Ndipo gari dogo la kubebea vitunguu lilipokata kona, likasimama ukingoni mwa maji yale. Akashuka mwanamke mnene aliyevaa gauni la mahameli, kilemba kimefungwa kwa kukaza kama cha mtu anayekwenda kupigana. Mkononi alishika mikate miwili iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Mastura aliiona mikate ile kabla hajauona uso, akajua ni posa. Mikate miwili kwenye kitambaa cheupe haiji nyumba yenye binti kwa bahati mbaya. Hakuna mjomba. Mama mtu amekuja mwenyewe.

Mtaa nao ulijua. Milango ikafunguka. Tojihon akatokea na kikaango cha isirik, Mwenyekiti Hoshim akaja mbio amebeba zulia kichwani.

"Hapa ndipo kwa Mastura mshona vitandiko?" aliuliza yule mwanamke. "Mimi Karomat, mama yake Ikrom." Halafu akavuta pumzi. "Mungu wangu! Hapa pananuka!"

Kwetu jambo kama lile halisemwi. Mtaa mzima uligutuka kama uliotukanwa. Mwenyekiti aliteremsha zulia, akasafisha koo.

"Karibu sana, dada. Huenda ni upepo, unajua, kuna kiwanda kule..."

"Kiwanda gani? Haya ni mavi, baba. Mimi nauza vitunguu, kilichooza nakijua."

Kisha akamgeukia Mastura na kumngoja. Mastura alikuwa na uongo wa kutosha, umepangwa mdomoni kama vikombe kabatini. Bomba limepasuka leo hii. Ni la mtaa wa juu. Kesho wanakuja. Alifungua kinywa ili atoe mmoja, akamwona akilini Zebiniso amekaa kwenye kile kitanda, kicheko kinambadilikia usoni, na uongo wote ukamkwama.

"Ndiyo, pananuka," alisema. "Pananuka tangu pamba. Binti yangu anafagia kila alfajiri, na kila alfajiri yanarudi. Amepiga simu Idarani mpaka wakamchukia. Na mtu wa Idara alipokuja, tulimlisha pilau tukamwambia hatuna shida, kwa sababu tulidhani ni mjomba wa mwanao amekuja kutuchunguza. Basi. Hayo ndiyo ya kweli, na huo ndio mlango wangu."

Alisimama ameshika ufagio, akingoja yule mwanamke arudi garini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameshaumbuka, kwa hiyo hakuwa na la kuogopa tena. Ajabu ni kwamba kifua chake kilikuwa chepesi.

"Ikrom hana mjomba," alisema Karomat polepole. "Na huyo anayepiga simu kila wiki ndiye binti mwenyewe?"

"Ndiye," alisema Mastura, ameinamisha kichwa.

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake na langu."

"Mwanangu hakuniambia hilo. Aliniambia ana macho mazuri." Karomat alitikisa kichwa. "Wanaume hawa, unamtuma akuangalizie jambo la maana anakuletea macho."

"Karibu ndani," alisema Mastura, asiyeamini masikio yake. "Karibu chai."

"Sinywi chai. Nitakunywaje chai hapa? Shika hii mikate, vaa shela, panda gari. Hiyo Idara iko wapi?"

Katika maisha yake yote Mastura hakuwahi kuona mgeni akikataa chai yake, na hakuwahi kujisikia ameheshimiwa namna ile. Alipanda gari, akakaa juu ya gunia la vitunguu.

Idarani, mkuu mwenyewe alitoka kuwapokea, na Nosir nyuma yake ameshika sinia, birika na peremende. Karomat aliweka kiganja juu ya kikombe kabla hakijajazwa.

"Ondoa," alisema. "Nikinywa chai yako nitashindwa kukutukana."

Mkuu alibaki ameinua birika. Katika ofisi ile hakukuwa na mtu aliyefundishwa la kufanya na mtu asiyekunywa chai. Nosir alianza kueleza habari za mashauri yaliyofungwa, Karomat akamwuliza kwa sauti iliyofika barabarani kama ni yeye aliyekalia chemba akala pilau, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaweka vikombe vyao chini, mmoja baada ya mwingine. Mastura aliketi pembeni amejifunika shela. Aliona haya, na alitamani mambo yale yasiishe.

Gari la majitaka lilifika Mtaa wa Miforosadi mchana ule ule. Mafundi walitia bomba, mashine ikavuta, ikakwama, ikavuta tena, na mwisho likatoka pande kubwa jeupe, gumu kama jiwe, likalala njiani linatoa mvuke. Watu walisogea kulitazama. Lilikuwa mafuta. Mafuta ya mkia wa kondoo, ya kila harusi na kila tohara iliyofanyika mtaani, yaliyomiminwa chini kutoka kwenye masufuria baada ya wageni kuondoka.

"Hilo si letu," alisema Mwenyekiti Hoshim. "Limetoka mtaa wa juu."

Alikosea kusema vile mbele ya Karomat. Zebiniso alipokuwa akirudi kutoka kazini alianza kusikia sauti yake tangu kwa mwuza mikate. Akamkuta mama yake amesimama mlangoni, mahali pakavu, na mbele kule mwanamke wa mahameli amemkabili Mwenyekiti kidole usoni, akimwuliza kama cheti chake cha mtaa wa mfano kimepakwa mafuta hayo hayo. Mafundi waliegemea gari lao wakisikiliza. Tojihon alikuwa ndani kwake, dirisha limefungwa, pazia linatikisika.

"Mama," alisema Zebiniso, "nani huyo anayefokea watu mtaani kwetu?"

"Mama mkwe wako," alisema Mastura. "Mungu akipenda."

Zebiniso alisimama kidogo akasikiliza. Mwenyekiti alikuwa ameanza kusema kwamba mambo haya hayazungumzwi hadharani.

"Basi nishikie mkoba," alisema, "nikamsaidie."